Chumba cha Sita cha Birika

Cherehani zilikuwa zimekwenda zote.

Karakana ilibaki meza tupu, na juu ya kila meza vumbi limechora pale mashine ilipokuwa imekaa jana. Mvua iliyonyesha usiku kucha ilikuwa inamalizia kudondoka kwenye mabati. Uani washonaji walisimama wameshika tama, na mwenye karakana, mwanamke mfupi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, alikuwa akienda huku na huku na neno moja tu mdomoni: "Jamani! Jamani!"

"Mlango umevunjwa?" Inspekta aliuliza.

"Haujaguswa, afande." Koplo alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa miguu na wa ulimi. "Wameingilia mlango wa nyuma. Umefunguliwa kwa ufunguo, na umefungwa kwa ufunguo. Wezi wenye adabu zao."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja anao Mama Vifungo, mmoja anao mlinzi."

Macho yote yakamgeukia mlinzi. Alikuwa mzee wa watu, koti lake la mvua limelowa chapachapa, kofia kaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Ulikuwa wapi usiku, mzee?"

"Getini, mwanangu. Upande wa mbele."

"Hukusikia gari huko nyuma?"

"Na mvua ile juu ya mabati? Hata treni nisingeisikia."

"Ufunguo wako?"

Mzee akautoa mfukoni. Ulikuwepo, mkavu, umefungwa kwa kitambaa. Laiti ungekuwa umepotea! Ungekuwa umepotea, angekuwa na la kujitetea.

"Mzee wangu," Mama Vifungo alisema, sauti ikimkatika, "mimi nilikuamini wewe kuliko ndugu."

Mzee akavaa kofia, akanyosha mikono. Inspekta ndiye aliyemtia pingu, na tangu hapo roho yake haikutulia.

Hata hivyo hakulalia upande mmoja wa habari. Mama Vifungo alikuwa na mtu mmoja tu wa kugombana naye duniani: shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Watu walimwita Birika, kwa maana mkono wake ulikuwa wa birika kweli kweli. Alikuwa bwana wa kuzima taa wageni wakiwa bado wanakula. Asubuhi ile ile polisi walipekua nyumba yake. Walichungulia uvunguni, wakapanda darini, wakafungua hata kabati la vyombo. Hawakuona hata sindano.

"Mkimaliza mnifagilie," Birika aliwaambia, ameegemea mlango, anachokonoa meno.

Kesho yake mkuu wa kituo alimwita Inspekta.

"Jalada la mlinzi liko wapi?"

"Bado nalifanyia kazi, mkuu."

"Saa kumi leo liwe kwa mwendesha mashtaka. Kesho mzee anasimama kizimbani. Umenielewa?"

Inspekta alielewa. Alipotoka alimkuta mke wa mlinzi kwenye benchi la mapokezi, amepakata shati safi la mumewe. Alikuwa amekaa hapo tangu jana. Hakumwomba Inspekta chochote. Alimtazama tu, na kutazamwa kule kulimtoa Inspekta mbio hadi mtaa wa Birika. Angalau awaulize majirani mara moja ya mwisho.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mkunga mstaafu, mama wa miraba minne, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

"Gari sikuliona, mwanangu," alisema. "Mvua ile nilijifunika blanketi gubigubi. Lakini umekuja wakati mzuri. Nina kesi yangu."

"Mama, mimi nashughulikia wizi."

"Na huu ni wizi! Kaa chini."

Inspekta akakaa. Kuna akina mama ambao wakisema kaa, hata cheo kinakaa. Mkunga akatandaza karatasi mezani.

"Kodi ya nyumba yangu imepanda. Nikasema, silalamiki kabla sijasoma. Nikaenda halmashauri, nikaomba kumbukumbu za nyumba yangu. Unajua ni haki yako? Wewe mwenye nyumba, umewahi kuziona zako?"

"Mimi… nalipa tu, mama."

"Ndiyo maana mnanyolewa bila maji! Karani wa dirishani akanielekeza pole pole. Hapa namba ya kiwanja. Hapa ukubwa wa jengo. Hapa idadi ya vyumba. Hapa thamani, na kodi inatoka kwenye thamani. Nikakagua moja moja. Yote sahihi! Nikakosa hata pa kugombana."

"Basi hongera, mama." Inspekta akaanza kuinuka.

"Sijamaliza! Nikaomba na za jirani, nilinganishe. Daftari liko wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Kumbe Birika analipa kidogo kuliko mimi! Mimi vyumba sita, yeye vitano. Hebu niambie, vitano kwa vipi? Nyumba hizi ni mapacha. Fundi mmoja, ramani moja!"

"Labda alibomoa kimoja."

"Ndivyo alivyowaandikia kwenye pingamizi lake. Chumba nimebomoa, nipunguzieni. Mthamini akaja, akahesabu milango, akapunguza. Sasa soma hapa. Ukubwa wa jengo, wangu na wake."

Inspekta alisoma kwa kutokuwa na la kufanya. Kisha akasoma tena. Mita za mraba zilikuwa zile zile, hakuna iliyopungua.

"Mapacha nimewapokea wengi kwa mikono hii," mkunga alisema. "Ukiniambia huyu ana vidole vitano na mwenzake vinne, na mikono ni sawasawa, mimi nitauliza tu: hicho kimoja umekikunjia wapi?"

Inspekta akainuka ghafla.

"Mama, naomba unitembeze nyumba yako. Yote."

"Haya, ameamka!"

Walipita sebule, wakapita jiko, wakapita vyumba vitatu vya kulala. Mwisho wa korido palikuwa na mlango mwembamba. Mkunga akausukuma. Kilikuwa chumba cha stoo, kipana kuliko mtu anavyodhania, kisicho na dirisha, matundu ya hewa tu chini ya paa.

Inspekta alisimama pale kizingitini akafumba macho. Alikuwa ameshasimama mahali kama hapa hapa, upande wa pili wa ukuta, kwa Birika. Kulikuwa na nini? Kabati la vyombo. Alilifungua kwa mkono wake mwenyewe, akaona sahani, akafunga, na akaomba radhi juu yake!

"Mama, mtu anaweka sahani mwisho wa korido, jiko likiwa kule mbele. Kwa nini?"

"Birika? Sahani? Huyo wageni wake wote hula sahani moja."

Inspekta tayari alikuwa na simu sikioni.

"Koplo! Hati nyingine ya upekuzi, upesi!"

"Ya wapi, afande?"

"Kwa Birika."

"Tena?"

"Tena!"

Koplo alifika akihema, hati mkononi, askari wawili nyuma yake. Saa tisa ilikuwa imeshapita. Birika alifungua mlango, akaguna.

"Safari hii mmekuja kupiga deki?"

"Uliiandikia halmashauri kwamba umebomoa chumba?" Inspekta aliuliza.

Birika hakulitegemea swali hilo. Kijiti cha meno kikamdondoka.

"Nyumba yangu. Nabomoa nitakapo."

"Ulibomoa kipi?"

"Cha… cha nyuma."

"Kwa nje nyumba haijapungua hata tofali moja. Hicho chumba kilikwenda wapi?"

"Nilitoa ukuta tu. Nikaunganisha."

"Ukakiunganisha na nini?"

Jasho likaanza kumtoka Birika kwenye kipara. Inspekta akampita, moja kwa moja hadi mwisho wa korido. Koplo akaanza kushusha sahani. Zilikuwa mpya, nyingine zina vibandiko vya dukani.

"Gonga," Inspekta alisema.

Koplo akagonga ubao wa nyuma ya kabati. Ukalia wazi. Wakalishika kabati wanne, wakalivuta, na hapo mlango mwembamba ukatokeza.

"Afande!" Koplo alipiga ukelele hata mkunga akausikia kwake. "Afande, ziko hapa! Ziko zote!"

Cherehani zilikuwa zimepangana sakafuni hadi ukutani, zimefunikwa mashuka. Kwenye msumari ulining'inia ufunguo mkuukuu. Inspekta akautazama, kisha akamtazama Birika.

"Ni wa marehemu kaka yako?"

"Alinipa mwenyewe, enzi za uhai wake."

"Kwa nini uliiba?"

"Sikuiba!" Birika alilipuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kejeli. "Nilizirudisha nyumbani! Cherehani ya kwanza pale ilikuwa ya mama yetu. Mimi na kaka tulijifunzia kushona juu yake. Kaka alipofariki wakapaka rangi kibao, wakaandika jina la yule mwanamke. Sisi tukafutwa! Nikasema akose mashine, akose kazi, aje hapa kwangu. Nilitaka aje kuomba. Mara moja tu, aniombe mimi."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi?" Birika alishangaa kuulizwa. "Yule ni mlinzi tu."

Inspekta alimfunga pingu, na safari hii hakujisikia vibaya hata kidogo.

"Ungelipa kodi yako ukanyamaza, bwana," Koplo alimwambia wakitoka, "tusingekijua chumba hiki mpaka mwisho wa dunia."

"Sasa nilipie chumba ambacho hakipo?"

Koplo alicheka mpaka akashika ukuta. Na upande wa pili wa uzio mkunga alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Waambieni halmashauri kimeonekana!" alipaza sauti. "Wamrudishie vyumba vyake sita!"

Saa kumi kasoro kidogo, mlinzi alitolewa mahabusu. Mkewe alimvalisha lile shati pale pale mapokezi, akikosea vifungo. Mama Vifungo aliingia mbio, viatu mkononi, akasimama mbele ya mzee.

"Baba," alisema, "nimekukosea mbele za watu. Nisamehe."

Mzee alitazama chini.

"Ilinichoma, binti yangu," alisema. "Sitasema haikunichoma."

Mama Vifungo akafungua kiganja. Ufunguo ulikuwa mpya, unang'aa.

"Nimebadilisha vitasa vyote mchana huu, kabla sijapata habari yoyote. Nilivibadilisha kwa ajili yako, usiingie tena. Sasa ufunguo ni huu mmoja tu." Akamtia mkononi, akamfumba vidole. "Kaa nao wewe."

Mzee aliugeuza geuza ufunguo ule.

"Na wewe asubuhi utaingiaje?"

"Nitapiga hodi."