Sina Kumbukumbu

Jioni ile Meshack alitoka kununua mkate tu. Baridi ya Chanji ilikuwa inachoma masikio. Langoni akamkuta mama wa marehemu Adriano amesimama, kajifunika kitenge.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Ule mfumo wa kompyuta uliuandika pamoja na mwanangu. Nasikia kesho unaukabidhi kwa wanunuzi. Jina lake halimo."

Kweli halikuwemo. Adriano alipozikwa kule Ilemba, Meshack alikaa akafuta kila mstari uliokuwa na jina la rafiki yake, macho makavu. Ana roho ya korosho, yule.

"Sina kumbukumbu kama aliandika chochote, mama."

Mama akamtazama. Kisha akanong'ona, "Haya, baba. Basi usiwe nayo."

Akaondoka. Pale aliposimama ikabaki harufu ya udongo mbichi...

Meshack akarudi ndani, mikono mitupu. Akawasha kompyuta. Ikazima. Akawasha tena. Ikafia palepale, kabla kiini cha mfumo, kile kinachoendesha vingine vyote, hakijaamka sawasawa. Kuna kitu kilikuwa kinaandika ndani ya kumbukumbu yake, kikifuta yaliyokuwemo.

Alihangaika hadi akakiona. Kiini kilikuwa kinagawa sehemu ya kumbukumbu kikidhani ni tupu, kumbe ina mwenyewe. Zamani palikuwa na mstari wa kuitenga sehemu ile isiguswe. Mstari wa Adriano. Alikuwa ameufuta pamoja na mingine.

Akauandika upya. Penye jina la mwandishi, vidole vikasita.

Akaweka lake.

Tk... tk... tk...

Mikono yake ilikuwa mapajani. Vitufe vilikuwa vinabonyea vyenyewe, na jina lake likifutika herufi moja moja.

Kisha kimya. Kompyuta ikaamka vizuri kabisa, bila kasoro. Lakini ile harufu ya udongo sasa ilikuwa chumbani, karibu, kama pumzi shingoni.

Mkewe Bertila akachungulia mlangoni. "Mkate uko wapi?"

"Mkate gani?"

"Meshack, unaumwa?"

Akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.

Hapakuwa na mtu.

"Meshack," Bertila akarudia.

Yule mwanamume akamtazama kwa upole, kama mgeni anayemtazama mwenye nyumba. Akainuka, akafungua dirisha linaloelekea langoni. Nje giza lilikuwa limeshashika.

"Shikamoo, mama," akasema. Sauti haikuwa ya mumewe.

Gizani, mtu akaitikia taratibu.

"Marahaba, mwanangu."