Urithi wa Mkunga Semah

Baba mmoja alirudi wodini asubuhi na mapema akiwa ameshika mfuko wa plastiki, akauliza kwa adabu mbona hakupewa zalio, kondo la nyuma la mtoto wake. Jana yake aliupokea mfuko, akaubeba kwa pikipiki hadi nyumbani, akaandaa, kama desturi ya kwao, chumvi na ukwaju wa kulioshea na shimo la kulizikia. Alipoufungua, akakuta maji mekundu mepesi tu. Manesi wa leba walimwomba radhi, wakasema labda mfuko ulitoboka njiani. Yeye akauinua juu kwenye mwanga wauone. Haukuwa na tundu hata la sindano.

Rusnani alikuwa akipita na chupa za maziwa. Harufu ya mfuko ule ilimfikia, naye akageuza uso haraka. Kati ya wote waliosimama pale, ni yeye tu aliyeanza kujua zalio lile lilikokwenda.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na sita kati ya hiyo ameimaliza katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja ya wilaya huko Kelantan, Malaysia. Hakutaka kazi nyingine. Wenzake waliomba kuhamia kliniki wapate kulala usingizi wa binadamu, yeye akabaki na njiti wake, viumbe vya kukaa kiganjani, akiwahesabia pumzi. Ndoto yake ilikuwa moja: kwenda Kuala Lumpur kwa kozi ya mwaka mzima, arudi akiwa nesi bingwa wa watoto wachanga. Kila mwaka hospitali ilipeleka mtu mmoja tu. Alikwishaomba mara tatu.

Ndipo akaja Hamizah, binti wa miaka ishirini na tano, mpole, asiyejua kujisifu. Wiki yake ya pili kazini, daktari alimchoma mtoto mara nne akitafuta mshipa wa dripu, akakata tamaa. Hamizah akaomba ruhusa, akaushika mkono ule mdogo kama unavyoshika jani la mgomba lililolowa, na mara moja sindano ikaingia. Sista Norpisah, mkuu wa wodi, akasema mbele ya wote kuwa mikono ya namna ile haifundishwi, mtu huzaliwa nayo. Rusnani alicheka pamoja na wenzake, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jina la wa kwenda kozi lilipotoka, lilikuwa la Hamizah. Sista alimwita Rusnani pembeni, akamweleza kwa upole kwamba wodi ingeyumba akiondoka yeye. Rusnani akaitikia kwa heshima. Alipotoka, alikwenda chooni akafungua bomba, ili mtu asimsikie akilia.

Jioni hiyohiyo aliitwa kijijini. Bibi yake, mkunga Semah, alikuwa na siku ya kumi na moja akikata roho na roho haikatiki. Watu wa Lubuk Senduk, kijiji chao, walijua sababu. Mkunga yule alikuwa na saka, jini la kurithi, lililomnong'oneza maisha yake yote mtoto gani ametanguliza miguu na mama gani atavuja damu. Mwenye jini la namna hiyo hafi mpaka apatikane wa kulipokea. Watoto wake wote walikataa, na wajukuu pia. Walikwishatoa hata vigae viwili vya paa ili roho ipate njia.

Rusnani akaketi kando ya godoro. Kikongwe akamshika mkono, akamuuliza nani amemuudhi, na Rusnani akamweleza yote kama mtoto anayeshtaki.

"Ninacho cha kukupa," bibi akasema. "Hakuna atakayekupita tena. Unakitaka?"

Mama yake Rusnani alitokea kwenye mlango wa jikoni, upawa mkononi, akamwita kwa jina lake la mkato.

"Usijibu, Nani. Nakuomba, mwanangu, usijibu kitu."

Rusnani aliyaona tena akilini macho ya Sista Norpisah yakimtazama Hamizah. "Nakitaka, Bibi," akasema.

Mkunga Semah alishusha pumzi ndefu, wala hakuvuta nyingine. Siku ile mama yake Rusnani alimpakulia kila mtu wali, isipokuwa binti yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya neema. Sauti ilimjia sikio la kushoto, nyembamba kama ya mtu anayeongea huku meno yameuma uzi, ikimwambia kwamba yule wa inkubeta ya tatu anakaribia kuacha kupumua. Rusnani akawahi kabla mashine haijalia. Ikamwambia yule wa karibu na dirisha ana uchafu kwenye damu, daktari akapima, akakuta kweli. Watu wakaanza kumtazama kwa mshangao. Wakati huohuo vidole vya Hamizah vilianza kuvimba na kuchunika, akawa anakosa mishipa ambayo hata mwanafunzi angeipata. Siku moja dripu aliyoikagua mara mbili ilivuja chini ya ngozi, mkono wa mtoto ukafura kama andazi. Sista Norpisah, kwa uso wa huzuni, akalifuta jina la Hamizah na kuandika la Rusnani.

Hamizah alilia kwenye stoo ya mashuka. Rusnani alisimama nje ya mlango akimsikiliza, na raha ikamshuka kifuani polepole kama maji ya tangawizi. Hapo ndipo aliposikia, nyuma ya kilio kile, mlio mwingine: ulimi ukilamba kitu, taratibu, bila haraka, kama paka anavyolamba sahani.

Tangu siku hiyo harufu haikumwacha. Ilikuwa ya damu ya uzazi iliyochanganyika na maua ya makaburini, ikawa kwenye wali wake na kwenye mto wake. Yule baba wa mfuko akaja, na mazalio yakazidi kupotea. Na wale watoto, ambao kwa umri wao macho hayajui bado kushika kitu, walianza kugeuza vichwa wote pamoja, kumi na wawili, wakikifuata kitu kinachotembea polepole katikati ya wodi mchana kweupe, kutoka inkubeta moja hadi nyingine, mpaka kikasimama penye mtoto wa Zaharah.

Zaharah alikuwa mwalimu wa chekechea, amesubiri miaka minane. Mwanawe alizaliwa na gramu mia tisa.

"Mshahara wangu," sauti ikasema. "Huyu."

Rusnani akasema hapana.

"Basi usijisumbue. Zamu yako inakwisha saa nane. Nitamchukua Magharibi, mikononi mwa yule mwenzio. Watamlaumu yeye, hatagusa mtoto tena maishani. Si ndivyo ulivyotaka?"

La kutisha kuliko yote ni kwamba kwa muda wa pumzi moja, Rusnani hakujibu.

Saa nane alimkabidhi Hamizah wodi, akatoka. Alifika hadi penye gari lake, akashindwa kufungua mlango. Akaingia kwenye msikiti mdogo wa hospitali, akajaribu kusali, ulimi ukawa mzito kama umefungiwa jiwe. Ustadh Lotfi, mzee aliyeutunza msikiti ule, alimwona amekaa zaidi ya saa nne bila kurukuu, akaja akaketi mbali naye kidogo, akamuuliza taratibu. Rusnani akamwambia kila kitu.

Mzee akamgeukia. "Mwanangu, hilo halikuingia kwa nguvu. Ulilifungulia kwa ulimi. Mimi nitasoma, lakini mlango wako siwezi kukufungia. Nenda kwa huyo dada, umwambie ulichomtakia. Usipunguze neno."

Jua lilikuwa linazama walipofika wodini. Ustadh akasimama nje ya kioo, akaanza kisomo. Rusnani akanawa mikono hadi viwiko, akaingia. Harufu ilikuwa nzito hata akahisi anaitafuna. Hamizah alikuwa ameinama juu ya mtoto wa Zaharah, vidole vyake vimefungwa bandeji chini ya glovu.

"Dada Nani? Umesahau kitu?"

"Hamizah, ni mimi niliyeiharibu mikono yako."

Hamizah akanyanyua macho. Adhana ikaanza, na mashine ikaanza kulia papo hapo, namba zikishuka, tisini, sabini, hamsini, na mtoto akawa wa rangi ya majivu, na Hamizah akamsugua nyayo kisha akamfunika mdomo na pua kwa kifaa cha hewa akaanza kumpumulisha, na Rusnani, huku anamwekea kichwa sawa, akaona shuka la upande wa pili likibonyea kama kwamba mtu ameegemeza kiwiko, akausikia ulimi ukilamba, akaisikia sauti ya bibi yake ikimwambia nyamaza, nyamaza, bado kidogo tu, lakini hakunyamaza, aliendelea kusema kwa kunong'ona, kwamba alitaka Hamizah akosee, kwamba alitaka afukuzwe, kwamba alisimama nje ya stoo akafurahi, kwamba mchana ule aliulizwa kama anataka mtoto huyu afe mikononi mwake na alikawia kujibu.

"Ulikawia?" Hamizah akauliza, bila kuacha kubonyeza.

"Nilikawia."

Machozi yalimtiririka Hamizah hadi kwenye barakoa, mikono yake ikaendelea kuhesabu. "Sasa jibu."

"Sitaki afe. Kozi siitaki. Na wewe Semah, na hicho chako, sikitaki."

Kitu kikapita katikati yao kama upepo wa jokofu lililofunguliwa. Nje ya kioo Ustadh Lotfi aliyumba, akashika ukuta, asikate kisomo. Kisha mtoto akakohoa, akakunja uso, akalia kilio chembamba, na harufu yote ikaondoka kwa mara moja, ikabaki ya dawa ya kunawia tu.

Mtoto aliishi. Vidole vya Hamizah vilipona ndani ya siku kumi. Rusnani alimwendea Sista Norpisah akaomba jina lake lifutwe, na yeye mwenyewe ahamishwe wodi. Akapelekwa chumba cha sindano cha wagonjwa wa nje, wazee wa kisukari na shinikizo. Hamizah alimwambia amemsamehe, na alimaanisha. Lakini hakumpigia simu tena.

Miaka miwili baadaye Hamizah alirudi na cheti, akaolewa, akapata binti. Alikwenda kujifungulia hospitali ya wilaya nyingine. Rusnani aliambiwa na watu. Alisubiri siku arobaini na nne za uzazi ziishe, kama desturi ya kwao, akanunua shuka laini la mtoto, akaenda kumpongeza.

Hamizah alimpokea vizuri, barazani. Akaleta chai na vitumbua. Mtoto amelala, akasema, mume yuko kazini, na mama amekwenda sokoni. Rusnani hakuomba kumwona. Walizungumza habari za wodi na za joto. Alimtazama mwenzake, kifua kimejaa maziwa, uso umenawiri, na kabla hajawahi kuukanya moyo wake, kitu kidogo kikamchoma. Hakikudumu hata kwa pumzi moja.

Alipokuwa anavaa viatu, mtoto akalia ndani. Rusnani akakitambua kilio hicho, kilikuwa cha njaa.

"Nenda kamnyonyeshe, mdogo wangu. Mimi nitatoka mwenyewe."

Hamizah hakuondoka. Alikuwa anangoja mgeni avuke geti kwanza, na wote wawili walilijua hilo.

Kilio kikakatika ghafla, kama cha mtoto aliyenyanyuliwa. Kisha kutoka chumbani ikasikika sauti ya mwanamke mzee, ileile iliyowahi kumwambia Rusnani nyamaza, ikimbembeleza.

Hamizah hakuutazama mlango. Alimtazama Rusnani.