Ngoja Ikauke

Mnisamehe mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Kinywa changu kilifunzwa jukwaani kuchekesha watu, na mchekeshaji akianza kutisha huwa kama jogoo aliyeombwa kumbembeleza mtoto alale. Ukicheka mahali pa kuogopa, kosa ni langu. Ukiogopa mahali pa kucheka... hapo tuko pamoja.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, Kitale. Nilikuwa nimetoka kununua mishumaa.

Ni hivyo tu. Mishumaa miwili na nusu mkate. Stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi, na sisi wachoraji tulikuwa na maonyesho katika ukumbi wa kukodi nyuma ya soko. Nilikuwa nimetoka Kanduyi na picha saba za rangi ya mafuta. Mnawajua wageni wa maonyesho. Anasimama mbele ya picha, anainamisha kichwa kama kuku aliyesikia mwewe, anasema "mm-hm," kisha anauliza choo kiko wapi. Picha sita zilikuwa zimeinamishiwa vichwa siku nzima.

Ya saba ilikuwa imenunuliwa.

Ilikuwa kubwa, karibu urefu wa mlango. Shamba la mahindi kule Moi's Bridge, mabua yamesongamana, kijani huku, manjano kule. Mwenye hoteli mmoja, Bwana Kiplangat, alikuwa amebandika karatasi nyekundu pembeni na kuahidi kuichukua Jumapili baada ya kanisa. Miaka ishirini na miwili nimeshika brashi, na ile ndiyo ilikuwa picha yangu ya kwanza kwenda kutundikwa mahali ambapo watu hula kwa kisu na uma.

Nikarudi na mishumaa yangu. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi.

Mimi nilikuwa nimeufunga.

Harufu ndiyo iliyonipokea. Moshi. Si moshi wa jikoni, huo naujua. Ulikuwa moshi wa vitu visivyochomwa kwa hiari. Godoro... nguo... nywele.

Kisha nikamwona. Mwanamke, shuka begani, amesimama mbele ya mahindi yangu. Kiganja chake kilikuwa juu ya picha, kimetulia, kama vile mtu anavyompima mgonjwa homa. Alikuwa akinong'ona.

"Umekonda."

Nikageuka kuona anaongea na nani. Tulikuwa wawili tu.

"Umekonda, Mukhisa. Nani alikufukia hapa?"

"Mama," nikasema, na sauti yangu ya jukwaani ikatoka kama ya panya, "maonyesho imefungwa. Na hiyo ni mahindi."

Akageuza kichwa polepole. Uso sikuuona vizuri, giza lilikuwa limeshaingia.

"Ni wewe, fundi?"

"Ni mimi."

"Imekauka?"

Nikainama kuwasha mshumaa. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimika. Ya tatu iliposhika, hakukuwa na mtu. Sikusikia hatua. Nilichosikia ni kitu kimoja, kutoka kwenye picha.

Pum.

Kanvasi ikivutwa vizuri kwenye fremu hulia kama ngoma ukiigonga. Lakini hakuna aliyeigonga. Na sauti ilitoka kwa nyuma, ambako kulikuwa na ukuta.

Mkate ulianguka. Nauliza mpaka leo, nani aliuokota?

Labda Wabwile. Huyu ni rafiki yangu, huchorea makanisa ya upande wa Lugulu picha za Yesu, na Yesu wake wote wanafanana na mjomba wake. Aliingia anafuta mdomo, akaleta mshumaa karibu na picha, akaacha kufuta.

"Bana. Nani ameweka mkono hapa?"

Katikati ya mahindi palikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano, kijivu. Nikagusa.

"Majivu," nikasema.

"Umechezewa." Akashusha sauti. "Kuna mtu hataki uuze hii kitu. Ni nani umekosana naye?"

Tukaanza kuhesabu wabaya wangu. Noah wa meza ya pili, ambaye hakuuza hata kadi. Jirani yangu Kanduyi, ambaye kuku wake nilimchora bila ruhusa. Wangui wa chai, maana siku hiyo alinipa kikombe kilichojaa, na Wangui hajazi kikombe cha mtu. Hao wakaisha. Nilimtazama Wabwile kwa pembe ya jicho, kwa nini alikuwa amekula peke yake muda mrefu hivyo? Nikamkuta naye ananitazama kwa pembe ya jicho lake.

"Itoe na tapentaini," akasema hatimaye. "Kiplangat akiona hiyo mkono, atakimbia mpaka Eldoret."

Tapentaini ni ile dawa ya kulainisha rangi. Mahindi nilikuwa nimeyachora mwaka huu huu, haraka haraka, rangi ilikuwa bado teketeke chini. Nikalowesha kitambaa, nikafuta majivu. Yakatoka. Kijani kikatoka pia. Nikasema basi, nitarudishia kesho alfajiri. Nikafuta kidogo tena kusawazisha.

Chini ya kijani palikuwa na kahawia.

Kahawia laini... ya joto.

Nikafuta tena.

Sikio.

"Wewe," Wabwile akanong'ona, "hiyo ni mahindi ya aina gani?"

Nilitaka kuacha. Naapa nilitaka. Mkono ukaendelea. Mabua yakayeyuka, yakachuruzika sakafuni, na harufu ikabadilika. Haikuwa tapentaini tena. Ilikuwa tope. Tope la ukingo wa mto mvua ikikatika.

Jicho.

Lilikuwa linaniangalia mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na bora ningelogwa.

Miaka minne nyuma alikuja mwanamke kwangu Kanduyi, anaitwa Lenah. Mumewe, Mukhisa, alikuwa amechukuliwa na mto Nzoia karibu na Moi's Bridge. Walitafuta siku tisa, hawakuona hata kiatu. Mwishowe wazee wakazika mgomba wa ndizi badala ya mtu, ili kaburi lisikae bure. Lenah hakuweza kulilia mgomba. Akaniletea picha ya harusi, akaniambia, "Nichoree uso, fundi, niwe na mahali pa kuangalia." Nilimchora. Mashavu mviringo, kidevu kimenyolewa kinang'aa, koti la harusi mabegani, bwana harusi kamili. Alipokuja kuichukua nikamwambia maneno ambayo kila mchoraji wa rangi ya mafuta husema: "Ngoja ikauke. Nitakupigia."

Sikumpigia.

Haikuwa ubaya. Nilisahau. Nikazunguka na vichekesho vyangu, nikarudi, nikageuza picha ikatazama ukuta. Mwaka huu maonyesho yakakaribia, kanvasi kubwa sina. Nikaigeuza, nikamwona mtu nisiyemkumbuka vizuri, nikampaka mahindi. Na ile picha ya harusi? Niliitumia kukwangulia rangi kwenye ubao. Karatasi yake ilikuwa ngumu, nzuri sana kwa kazi hiyo.

Lakini kuna jambo, na hapa sitanii.

Yule aliyetoka chini ya mahindi hakuwa niliyemchora. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mifupa ya uso ilikuwa imesimama. Na kidevuni palikuwa na ndevu. Ndevu nyeusi, za mtu aliyekaa muda mrefu bila wembe.

"Ni uchafu ya mahindi imebaki," Wabwile akasema. "Sugua."

Nikasugua. Kitambaa kilitoka safi.

Hatukulala ndani. Alfajiri tulimkuta Lenah barazani, amejikunja kwenye shuka lake, ile harufu ya moshi imemzunguka. Wabwile akarudi nyuma hatua tatu. Mimi nilitaka nne, lakini mlango ulikuwa mgongoni.

"Mama Lenah," nikasema. "Shikamoo."

Tunalingana umri. Woga hauna adabu nyingine.

"Fundi, usiniogope," akasema. "Nyumba yetu iliungua Jumanne. Hata hii shuka nilivuta kwa moto. Nilikuja Kitale kwa dada yangu kuomba blanketi. Nikipita hapa nje..." Akalivuta shuka lake. "Sijui. Nilisikia kama ameniita. Nikasukuma mlango, ukafunguka."

"Na ulijuaje ni ile picha?"

"Si alikuwa ameangalia mlango?"

Nilitazama chini.

"Picha zote ziliungua," akaendelea. "Nikajiambia, iko ile moja ya harusi kwa fundi na ile kubwa aliyochora. Nimeanza kumsahau, fundi. Jana nilijaribu kukumbuka pua yake, nikakosa. Ulisema rangi ya mafuta hukauka polepole, nikasubiri. Sikutaka kukusumbua. Sasa, imekauka?"

Wabwile alikuwa akisoma tangazo la ukutani kwa bidii ya mtu anayesomea mtihani. Nikamfungulia mama mlango.

Alisimama mbele ya uso ule muda mrefu. Nilijua kitakachofuata: atauliza mashavu yako wapi, ndevu zimetoka wapi, na lile koti la harusi kwa nini limetapakaa tope. Akanyoosha mkono, akagusa kidevu.

"Ulimchora hivi?"

"Ndiyo," nikasema. Uongo ulitoka laini kama siagi.

"Aa-a." Akatikisa kichwa taratibu. "Harusini hakuwa na ndevu. Siku aliyotoka nyumbani alikuwa nazo, lakini fupi. Hapa zimeota." Akanigeukia. "Maiti huota ndevu, fundi?"

Jukwaani nina majibu mia tatu. Pale nilishika kitambaa, nikaanza kufuta rangi sakafuni.

Kiplangat alifika saa tano, tai shingoni, Biblia kwapani. Akasimama. Akainamisha kichwa. Akasoma karatasi yake nyekundu, akatazama tena.

"Nilinunua mahindi," akasema. "Huyu mzee ni nani?"

"Mahindi yamevunwa, bwana. Nisamehe. Huyu hauzwi, ana mwenyewe."

Akanitazama jinsi watu wanavyotazama mbwa anayezunguka mkia wake. Akaondoka. Ile hoteli sijawahi kuiona ndani.

Tulifunga picha kwa magunia, Wabwile na mimi, nikamsindikiza Lenah mpaka kwao, upande wa Lugulu. Tukaitundika kwenye chumba cha shemeji yake, alikokuwa amepewa kitanda. Ile picha ya harusi niliyoigeuza kikwanguo sikuitaja. Nikarudi Kanduyi nikiwa mwepesi, nikijisifu njiani kama mtu aliyelipa deni la kanisa.

Tapentaini inaeleza mengi. Moto unaeleza majivu. Kitasa kibovu kinaeleza mlango. Kila usiku navipanga hivyo, na kila usiku zinabaki zile ndevu.

Wiki mbili zilizopita simu ikalia. Ni Lenah.

"Fundi, samahani kukusumbua. Zimefika kola."

"Nini?"

"Ndevu."

"Ni taa hiyo, mama. Taa ya koroboi hudanganya."

"Ni mchana, fundi." Nikamsikia akipumua. Nyuma yake, mbali kidogo, nikasikia kitu kingine.

Pum... pum.

"Anagonga," akasema kwa upole, kama anayezungumzia mtoto. "Naona anataka kunyolewa, au anataka kutoka. Mimi sijui mambo ya rangi. Wewe ndiye ulimtia humo. Utakuja lini?"

Sasa ninyi mlioniunga mkono tukimshuku Noah, Wangui, jirani mwenye kuku na huyu mama wa watu, mnataka kujua mchawi ni nani. Sikilizeni nilivyomjibu.

"Usijali, Mama Lenah," nikasema. "Nitakupigia."