Joto la Plasta

Kila Jumamosi asubuhi Roseline alifua nguo, akazianika kwenye paa la jengo lao la ghorofa tano huko Kayole, kisha akaenda kufagia ofisi mtaani Fedha. Binti yake Elsie, wa Gredi ya Sita, aliachiwa kazi moja: kuzilinda nguo mpaka zikauke. Kamba za paani zilikuwa za wapangaji wote, na nguo isiyo na mlinzi ilipata mwenyewe mpya upesi.

Jumamosi moja wenzake Elsie walikuwa uani wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

"Elsie, tumepungukiwa na mtu!" Kavindu aliita kutoka chini.

Elsie akamwita mdogo wake Willis, mwenye miaka sita. "Kaa hapa ulinde nguo. Mvua ikianza, niite." Alijua vizuri kwamba mama alimkataza Willis kupanda paani.

Mvua ilikuja ghafla. Kama Willis aliita, sauti yake ilimezwa na kelele za mchezo. Elsie alichosikia ni beseni likigonga ngazi, kisha kilio. Alimkuta Willis kwenye ghorofa ya tatu, nguo zote zikiwa ndani ya beseni, mkono wake wa kushoto umepinda.

Mama, aliyepigiwa simu na jirani, alipofika mbio, Elsie alisema, "Alipanda mwenyewe. Mimi nilikuwa chooni."

Willis alimtazama dada yake.

"Nilikukataza mara ngapi?" mama alimwambia Willis njiani kwenda hospitali. "Basi Desemba huendi kwa nyanya. Utabaki hapa nikuchunge."

Hapo Willis alilia kuliko alivyolilia mkono.

Baada ya kupigwa picha ya mfupa, walipokewa na Sista Khadro, muuguzi wa kufunga plasta. Alichovya bendeji yenye unga mweupe ndani ya maji, akaanza kuuzungushia mkono.

"Mama, inachoma," Willis alinong'ona.

"Ni joto tu, halitakuunguza," Sista alisema. Akamgeukia Elsie. "Hebu gusa maji haya."

Yalikuwa baridi. Elsie akagusa plasta. Ilikuwa na joto kama chapati zilizofunikwa kwa kitambaa.

"Joto limetoka wapi, Sista?"

"Unga huu ulikuwa jiwe. Lilichomwa kwenye tanuri mpaka maji yaliyokuwa ndani yake yakatoka. Sasa nimeurudishia maji, unageuka jiwe tena, na joto linatoka. Likiisha, plasta itapoa, nayo itakuwa imeshika." Akamtazama Willis. "Lakini wewe, mbona hukushika ukuta ulipoteleza?"

"Nilikuwa nimeshika beseni. Nguo zingechafuka."

"Nani alikwambia uanue nguo?" mama aliuliza.

Willis alitazama vidole vyake. "Hakuna."

Mkono wa Elsie ulikuwa bado juu ya plasta. Aliona uso wake nao unapata moto.

"Mama, hakupanda mwenyewe. Nilimtuma mimi, nikaenda kucheza kati. Sikuwa chooni."

Sista Khadro alijishughulisha na mkasi wake.

"Willis, Desemba utaenda kwa nyanya," mama alisema. "Wewe Elsie, utamwogesha, utamvisha, utambebea mkoba wa shule mpaka plasta itolewe. Na kati usahau kwanza."

"Sawa, Mama."

"Mkono ungepona hata kama nisingejua. Lakini yeye angekaa na adhabu yako, na wewe ungekaa na uongo wako, na nyote mnalala kitanda kimoja." Alimvuta Elsie karibu. "Ukikosea, niambie jambo lilivyo. Nitakasirika, ndiyo. Halafu nitapoa."

Willis alimvuta dada yake mkono kwa vidole vilivyojitokeza kwenye plasta.

"Gusa tena," alisema.

Elsie akagusa. Ilikuwa imepoa, na imeshika kabisa.