Siku Kamusi Alipozipanga Bogenvilia

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na hadi leo mwenyewe hakatai. Ukimuuliza atakusimulia kwa mikono miwili, tena atacheka kabla hujacheka wewe.

Jina lake la kuzaliwa tuliache. Nyumbani na darasani aliitwa Kamusi, kwa sababu alikuwa na jibu la kila swali, hata lile ambalo hakuna aliyeuliza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na ulimi wa mtu wa arobaini. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kumwagilia miche katika kitalu cha shangazi yake, akisaidiana na binamu yake wa miaka tisa, mtoto wa shangazi. Huyu walimwita Nukta. Umbo lake lilikuwa dogo, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabu.

Jumamosi ile shangazi alitoka mapema kufuata samadi kwa mfugaji wa kuku. "Mwagilieni, palilieni, msivunje kitu," alisema, akaondoka.

Kamusi alimwagilia nusu ya miche, kisha akasimama mbele ya bogenvilia, ile mimea ya miiba inayotambaa ukutani na kuufunika kwa rangi kali. Miche yake themanini ilikuwa ndani ya viriba, mifuko myeusi ya kuoteshea, imepangwa safu mbili. Safu ya kushoto ilikuwa na zambarau, nyeupe na waridi. Safu ya kulia ilikuwa na zambarau, nyekundu na rangi ya machungwa. Kila kiriba kilichomekwa kijiti chenye alama ya kisu: safu moja alama moja, safu ya pili alama mbili.

"Hebu ona fujo hii," Kamusi alisema. "Zambarau huku, zambarau kule! Jana mwalimu wa sayansi alitufundisha uainishaji. Viumbe hupangwa kwa sifa zinazofanana. Leo shangazi atakuta kitalu cha kisomi."

"Dada, mama amesema tumwagilie," Nukta alimkumbusha.

"Wewe shika mpira wa maji, mimi nishike sayansi."

Basi akashika sayansi. Alibeba viriba mpaka kanga aliyojifunga kiunoni ikageuka rangi ya udongo. Vile vijiti aliving'oa vyote, kwa kuwa aliona havina maana, akavitupa kwenye jiko la kuchemshia maji ya chai. Baada ya saa moja na nusu, bogenvilia zilikuwa zimekaa mafungu matano ya rangi tano. Kamusi alirudi nyuma hatua tatu, akashika kiuno, akatabasamu meno yote nje.

"Spishi tano," alitangaza. "Nyeupe, waridi, nyekundu, ya machungwa na zambarau. Nukta, piga makofi."

Nukta hakupiga makofi. Alikuwa akitazama jiko.

Shangazi alirudi na magunia ya samadi kwenye mkokoteni, na nyuma yake kukafika gari dogo la mizigo. Aliyeshuka alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili.

"Mama Miche, nimefuata mzigo wangu!" alisema. "Thelathini, zote zambarau, zifanane na sare za watoto wangu. Wale wakali ishirini wa ukuta wa nyuma, mbuzi wa jirani wakome. Na wale wapole kumi wa tao la mlangoni, pale watoto wanapopita mbio."

"Uko tayari, Mwalimu. Njoo uo—"

Shangazi alisimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Alitazama mafungu matano. Akatazama mahali palipokuwa na vijiti. Uso wake ulibadilika.

"Nani amezigusa?" Hakungoja jibu. "Ni Mzee Ndoo! Jana jioni nilimwacha huku peke yake. Juzi alinichanganyia mipapai nikamwambia, akirudia tena, kazi basi. Leo hii atanieleza!"

Mzee Ndoo alikuwa mfanyakazi wa kitalu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuonekana popote bila ndoo. Siku hiyo alikuwa nyumbani akiuguza goti. Kwa kuwa mipapai alikuwa ameichanganya kweli, lawama ilimkaa kama shati la kushonewa. Shangazi alitoa simu, akabonyeza, akaweka sauti ya juu.

Simu ikaita. Kamusi akatazama vidole vyake vya miguu. Kama angenyamaza, nani angejua? Nukta si msemaji. Simu ikaita tena. 

"Haloo, mama?" Sauti ya Mzee Ndoo ilitoka kwenye simu, imejaa heshima.

"Shangazi, ni mimi!" Kamusi aliropoka. "Nimezipanga mimi, asubuhi hii. Na vijiti nimevichoma. Yeye hahusiki."

Shangazi alishusha simu, akamgeukia Kamusi.

"Mama? Upo?" simu iliuliza.

"Nipo, mzee wangu," shangazi alijibu taratibu, macho kwa Kamusi. "Goti linaendeleaje? … Haya, lipake dawa. Nilikuwa nakujulia hali tu."

Alipokata simu, Kamusi alisubiri radi. Badala yake shangazi alichuma kitawi cha zambarau, akamwekea kiganjani.

"Kamusi, nionyeshe ua."

Kamusi alinyoosha kidole kwenye zambarau. Mtoto wa chekechea angeweza hilo.

"Hilo ni jani."

"Jani? Shangazi! La zambarau?"

"Liinue juani. Unaona mishipa? Ni sawasawa na ya jani la kijani lililo chini yake. Haya majani ya rangi huwa matatu pamoja, yameyazunguka maua ili kuwavuta wadudu. Ua lenyewe chungulia ndani."

Kamusi alichungulia. Kumbe kila jani la zambarau lilikuwa limebeba kijimrija chembamba, urefu wa punje chache za mchele, na kwenye mdomo wake kimefunguka kama kinyota cheupe. Miaka yote alipita karibu na bogenvilia, hajawahi kuliona ua lake.

"Kwa hiyo… nimepanga nguo," alisema polepole. "Sikupanga wenye nguo."

Mwalimu mkuu akaangua kicheko. "Huyu mtoto wako anajichapa mwenyewe, Mama Miche!"

"Lakini mwalimu wetu alisema tupange kwa sifa zinazofanana," Kamusi alijitetea.

"Na alisema kweli. Hakusema upange kwa sifa ya kwanza kukurukia machoni," shangazi alijibu. "Bogenvilia zote hizi ni jenasi moja, ukoo mmoja. Lakini mimi hapa nina spishi mbili, si tano. Moja miiba yake ikikomaa ni mifupi. Ndio wale wapole. Nyingine miiba yake hurefuka na kupinda kama ndoana. Rangi haikusaidii. Nyeupe na waridi najua ni wapole, nyekundu na machungwa ni wakali. Lakini zambarau nilikuwa nazo kila upande, na sasa zote thelathini na nne ni fungu moja."

"Basi tutazame miiba," mwalimu mkuu alisema.

"Bado michanga, Mwalimu, yote inafanana. Ukibeba kwa kubahatisha, mwakani mtoto wako akipita mlangoni atabaki ananing'inia kwenye tao kwa ukosi wa shati."

Mwalimu mkuu alishika kifua chake. "Mungu aepushe! Ufunguzi wa shule yangu ni kesho kutwa. Tutafanyaje?"

Shangazi alichuma majani mawili ya kijani kutoka miche miwili. "Kamusi, fumba macho." Akampitishia jani la kwanza shavuni, kisha la pili.

"La kwanza linateleza," Kamusi alisema. "La pili… lina manyoya! Kama sikio la paka!"

"Laini ni mpole, manyoya ni mkali. Haya, kazi kwako."

Lo! Kazi ikaanza. Kamusi alipitisha jani shavuni, akataja. Nukta akabeba kiriba, kushoto au kulia. Shangazi akahakikisha kwa kukagua vimrija vya maua, maana hata vyenyewe vina vinywele vingi kwa wakali na vichache kwa wapole. Mwalimu mkuu hakuvumilia kutazama tu, naye akainama kupapasa majani kwa mashavu yake mapana. Watu waliopita barabarani waliona mama mzima na mtoto wakijisugua majani usoni huku wakipiga kelele "Paka! Paka!" wakaongeza mwendo.

Kiriba kimoja kilileta ubishi. Kamusi alisema ni mpole, mwalimu mkuu akaapa ni mkali. Shangazi akakitazama, akapangusa jani kwa kitambaa. "Hayo ni matope, Mwalimu, si manyoya." Kicheko kikavuma tena.

Kabla jua halijawa kali, mambo yalikuwa sawa: wakali ishirini na wawili, wapole kumi na wawili. Mzigo ukapakiwa na gari likaondoka likipeperusha zambarau.

Shangazi aliketi juu ya gunia la samadi, akamvuta Kamusi karibu. "Leo umefanya jambo baya moja na mazuri mawili, mwanangu. Baya, umevuruga kazi ya mtu bila kuuliza kwa nini ameipanga hivyo. Zuri, umesema kweli kabla Mzee Ndoo hajaumia, kisha umekaa kurekebisha hadi mwisho. Kujua si kuwa na jibu haraka. Kujua ni kutazama kwanza, kugusa, kuuliza, ndipo useme."

"Ndiyo, shangazi. Nimekoma." Kamusi alivuta pumzi mbili tu, akaendelea. "Sasa vijiti vipya niviandike mimi, kwa jina kamili la kisayansi."

"Nitachonga mimi, kama mama anavyochonga," Nukta alisema. "Alama moja, alama mbili."

"Wewe? Mimi ndiye niliyefundishwa uainishaji! Wewe hujui jenasi, hujui spishi, hujui chochote!"

Nukta aliokota kisu kidogo cha mama yake, akachagua kijiti kilichonyooka.

"Ndiyo, dada. Ndiyo maana asubuhi sikugusa kitu."