Mwanamke wa Gatini

Saa mbili kasorobo, asubuhi ya Alhamisi, Geertje Roskam aliwapigia simu polisi wa mji wa Hoorn, Uholanzi: turubai kubwa kuliko yote karakanani mwake lilikuwa limechanwachanwa. Karakana hiyo hutengeneza nakala za michoro ya kale ya merikebu, zile ambazo watu hutundika sebuleni juu ya kochi. Nakala hii ilikuwa ichukuliwe Jumamosi na mteja aliyekataa kutajwa.

Alikuja Sajini Hiske Dijkema, askari wa mtaa, mama wa makamo mwenye baiskeli mbovu na macho makali. Geertje alimpokea kwa kikombe cha kahawa na jina la mkosaji.

"Lonneke, anayewamba turubai kwenye fremu. Kisu chake nimekikuta hapa chini. Nataka aondoke na wewe leo hii."

"Taratibu, mama. Kahawa kwanza."

Hiske akanywa. Kahawa ilikuwa chungu, na ilikuwa peke yake.

Turubai lilikuwa limelazwa kifudifudi juu ya blanketi. Nyuzi za kila mchano zilichomoza upande wa rangi, maana yake kisu kiliingia kwa nyuma.

"Mchunguze na Wouter Smal wa duka la ng'ambo ya barabara," Geertje alisema. "Wateja wetu wanamnyima usingizi."

"Smal angechana usoni na kukimbia. Huyu ametandika blanketi kwanza, kama mfanyavyo hapa kila siku. Na mlango haukuvunjwa. Nani ana funguo?"

"Mimi, mume wangu na huyo msichana."

Hiske aliunganisha vipande mezani. Vyote vilipatana, isipokuwa penye gati pichani, palipobaki tundu la ukubwa wa dole gumba. Hakumwambia mtu. Alimwita kila mmoja peke yake, akamtaka aeleze picha ilivyokuwa.

Lonneke aliingia macho yamevimba, skafu ya kijani shingoni.

"Merikebu tatu, mapipa ya samaki, na yule dada gatini na mbwa wake. Sajini, kisu nilikiacha mezani saa kumi na moja, kama siku zote. Nani atanipa kazi nikishaitwa mharibifu?"

"Skafu nzuri. Umeipata wapi?"

"Hii? Siku ya Mfalme mwaka juzi, kabla sijaanza kazi hapa. Watu walipotandaza vikorokoro vyao barabarani kuviuza, nilinunua foronya ya mistari ya buluu imejaa matambara, imefungwa kamba. Nilitaka vitambaa vya kufutia fremu tu. Nilipofungua, skafu hii hapa."

Joost, mume wa Geertje, ndiye anayepitisha brashi juu ya nakala zilizochapwa ili zionekane zimechorwa kwa mkono.

"Merikebu," alisema, masikio yakimwiva. "Na mwanamke. Pale gatini."

"Mke wako anasema wewe na Lonneke mnanong'onezana."

"Siwezi kusema kitu mpaka Jumamosi."

Geertje aliieleza picha nzima bila kusita. "Merikebu tatu, ya kati ina kiraka tangani. Mapipa ya samaki. Gatini kuna mbwa mweupe mwenye sikio moja jeusi."

"Mbwa huyo yuko na nani?"

"Mbwa ni mbwa!"

Hiske aliwaita wote watatu.

"Mama Geertje, umeona sikio la mbwa usimwone mwanamke aliyesimama ubavuni pake? Halafu kahawa. Katika mji huu hata nyumba yenye msiba hunipa biskuti moja, kisha kopo linafungwa. Kopo lako liko pale rafuni, na leo hukuligusa."

"Biskuti zimeisha."

Joost alilitikisa kopo, akalifungua. Biskuti zilikuwa tele. Juu yake kililala kipande cha turubai, kifudifudi.

"Ndiyo, ni mimi!" Geertje alipasuka. "Ile skafu ni yangu! Niliivaa siku uliyoniposa, Joost. Ukampa huyu, mkawa mnacheka pembeni, kisha ukamchora nayo! Jana nilipoona ule ukijani wivu ulinipanda, sikuona kingine."

"Uso wake uliutazama?" Hiske aliuliza.

"Niutazame wa nini?"

Joost alikigeuza kipande. Uso mdogo, skafu ya kijani, na kovu lililokata nyusi ya kushoto. Mkono wa Geertje ulipanda wenyewe hadi kwenye nyusi yake, penye kovu kama hilo.

"Jumamosi tunatimiza miaka kumi na miwili na nusu," Joost alisema. "Harusi yetu ya shaba, Geert, nusu ya safari hadi ile ya fedha. Mteja ni mimi. Lonneke alinisaidia kuficha."

"Na skafu niliinunua mwenyewe," Lonneke alisema. "Ndani ya foronya ya mistari ya buluu."

Geertje akaketi. Foronya ile ilikuwa ya marehemu mama yake. Geertje mwenyewe aliifunga kamba Siku ya Mfalme ile na kuiuza bila kutazama ndani.

"Turubai ni lako, lichane upendavyo," Hiske alimwambia. "Lakini ulitaka binti wa watu afungwe."

Lonneke alivua skafu, akaiweka kando ya kopo na kuchukua kisu chake.

"Usiende," Geertje alisema. "Nisamehe. Nilikuwa na wivu."

"Najua, bosi. Nami ungeniacha niende jela kwa wivu wako." Akatoka.

Jumamosi wageni walikaa kwa duara wakawapongeza maharusi, na kila mmoja akapewa keki. Juu ya kochi ilining'inia nakala mpya, imechapwa upya kutoka mchoro wa kale, ambao haukuwa na mwanamke kamwe. Geertje alimwomba Joost amwongeze tena. Joost alisema mkono umekataa. Mbwa alisimama gatini peke yake.