Mkwe Wangu Alivyochukua Kazi Yangu

"Kuanzia Jumatatu, kiongozi wa mafunzo ya utamaduni ni Lindsay."

Bosi wangu Philippa alitamka hayo kikaoni huku anatafuna biskuti. Kama anatangaza zamu ya kuosha vikombe.

Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mafunzo yote ya Waaborijini, yaani sisi wenyeji wa asili wa Australia, katika jumba lile la makumbusho nimeyaanzisha mimi.

Na Lindsay? Jamani... Lindsay ni mkwe wangu.

Msicheke. Nina miaka thelathini, yeye ana arobaini na kitu. Lakini amemwoa Shantelle, binti wa dada yangu, na kwetu huku Alice Springs mtoto wa dada ni mtoto wako. Basi mimi ni mama mkwe wake. Hatutazamani. Hatusemeshani. Nikiwa ndani, yeye haingii. Hata dukani, akiniona kwenye mikate anageukia sabuni.

"Na mimi?" nikauliza.

"Utakuwa msaidizi wake. Mtasimama pamoja mbele ya wanafunzi."

"Philippa, yule ni mkwe wangu."

"Ndiyo maana itapendeza. Kazi ya kifamilia."

Nilitaka kulia. Somo la ukwe nawafundisha wafanyakazi wa pale kila mwaka. Philippa hukaa mbele, anaitikia kwa kichwa, mwisho anapiga makofi. Kumbe yanaingia sikio hili, yanatokea lile.

Lakini aliyeniuma zaidi ni Lindsay. Yeye anajua. Alikubali vipi?

Na siruhusiwi kumuuliza. Umewahi kusalitiwa na mtu ambaye huwezi hata kumtukana?

Nikaenda kwa Shantelle nimevimba.

"Mumeo ameninyang'anya kazi, na wewe unakaanga mayai."

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Mwambie kesho naacha kazi. Abaki na ufalme wake."

Nyuma ya nyumba mtu akakohoa. Shantelle akatoka, akarudi.

"Anasema usiache."

"Nani anasema?"

"Aliyeko nje. Jumatatu uwahi ukumbini, ukae, usitoke."

"Ili nimpigie makofi?"

"Mama, mimi ni njia tu. Maneno yakipita hayaniambii yanakwenda wapi."

Nilikwenda kwa hasira, si kwa utii. Wanafunzi wakajaa na mwalimu wao. Lindsay akatokea mlangoni, shati jipya. Akaniona.

Akashusha kofia usoni, akageuka, akatoka. Mimi nami nikatazama ukuta.

Philippa akamkimbilia nje. Akarudi amekuwa mwekundu.

"Amewasha gari, ameondoka. Nyinyi mna ugomvi gani?"

"Hatuna ugomvi. Ni ukwe."

"Sasa nani atafundisha?"

Nikawageukia watoto.

"Mmemwona yule? Hilo ndilo somo la leo."

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Anakuogopa?"

"Hapana. Ananiheshimu." Neno lenyewe lilinitoka chungu kama shubiri.

"Na wewe?"

"Mimi nami sikumtazama. Hii heshima ina ncha mbili."

Wakauliza maswali mpaka wakapitiliza muda. Mwalimu wao akamwambia Philippa, "Miaka yote nawaleta kuangalia vitu kwenye makabati ya vioo. Leo wameona watu wanaishi."

Jumanne, shule nyingine. Lindsay akafika mlangoni, kofia ikashuka, gari likaondoka. Philippa hakukimbia tena.

Angesema nini? Anifukuze kwa kushika mila ambayo ananilipa niifundishe, huku walimu wanaona?

Jumatano Lindsay akaacha kazi. Mchana, walimu wakiwa wameshaanza kuniulizia mimi, Philippa akanirudishia nafasi yangu, macho yake yako kwenye kiatu.

Nikarudi kwa Shantelle.

"Mumeo ana kichaa? Achukue kazi, asiifanye, aiache?"

Ndipo akaniambia.

"Mama, Philippa alishapata mtu Sydney wa kushika nafasi yako. Lindsay angekataa, angekuja huyo. Na huyo si mkwe wako. Angekukuta ndani, angeingia, angekaa, na wewe ungetoka."

Nikakaa chini.

Mji mzima, mtu aliyelazimika kunipisha alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyekubali kupewa kiti changu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenyamaza, wewe? Ungemtupia Philippa usoni siku hiyohiyo."



Sikuweza kumwambia Lindsay asante. Nikampa Shantelle mkia wa kangaruu, kitoweo chetu kitamu, mnene, ampelekee. Kesho yake nikauliza kama ameupenda.

"Sijui. Mimi sikubakiziwa hata mfupa."

Na Philippa? Wiki iliyofuata nilimsikia akiwasimulia wageni jinsi jumba letu linavyoheshimu ukwe. Nilitafuna ulimi wangu nusura niumeze.

Ndugu zangu, mnaozoea kupima upendo kwa maneno matamu na macho yanayokodolewa: wapo wanaokuchekea uso kwa uso huku wanakivuta kiti ulichokalia. Na yupo mmoja aliyekupa mgongo, amesimama mlangoni kwako, hataki mtu mwingine aingie.